Kifusi, sota na bitiruti: shajara ya bustani ya watoto, Tengeru

Jumamosi, 1 Juni 2024: Kiwanja

Mambo haya yalianzia makaburini. Desemba niliwapeleka wajukuu kuona makaburi ya Wapolandi yaliyo ndani ya eneo la chuo cha mifugo hapa Tengeru. Yule wa miaka tisa akauliza swali ambalo mimi, niliyefundisha historia miaka thelathini, sijawahi kuulizwa darasani: "Bibi, hawa walikuwa wanakula nini?"

Sehemu ya jibu nilikuwa nayo. Kuanzia mwaka 1942 watu wapatao 5,000 waliletwa hapa. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka kwao hadi Siberia, wakatolewa huko kupitia Uajemi, kisha wakavushwa bahari. Wengi walikuwa kina mama na watoto, maana wanaume wa kushika bunduki walikuwa wameingia jeshini. Waliishi kwenye nyumba za msonge, wakawa na shule, kanisa, hospitali na shamba lao, na kuzunguka nyumba walipanda maua na mboga. Marehemu mama yangu, msichana mdogo wakati huo, alikuwa akipeleka mayai na ndizi kambini. Alichokisimulia hadi uzeeni ni kabichi: walivyokuwa na kabichi, alisema, ni kama sisi na ndizi. (Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, huko Burma, miaka hiyohiyo. Yeye alisimulia njaa tu.)

Basi nimeamua kulima na watoto wa mtaani bustani ya namna ile waliyolima watoto wa wakati wa vita, hapa na kwingine duniani, na kwa njia zao kadiri inavyowezekana: jembe la mkono, samadi, maji ya mfereji, bila dawa ya dukani. Nitaandika kila hatua inapokwisha. Anayetaka kuiga aige, ila asirudie makosa yangu.

Kiwanja ni mita 10 kwa 12, jirani katuazima kwa msimu mmoja bila malipo. Ubaya wake ni kwamba palikuwa na nyumba iliyobomolewa, na nusu ya eneo ni kifusi. Watoto 24 wamejiandikisha, wa miaka 7 hadi 13.

Nyanya nimezikataa, na nimeshalaumiwa kwa hilo. Kweli Tengeru ndiko zilikotoka mbegu za Tanya na Tengeru 97, lakini watoto wa mwaka 1943 hawakumjua kanitangaze. Mdudu huyu aliingia nchini mwaka 2014, na kupambana naye mikono mitupu huku una watoto ni kuwafundisha kukata tamaa.

Gharama: majembe madogo manne 32,000, keni mbili 24,000, mbegu za kabichi, karoti, bitiruti na figili 17,500. Beleshi na reki nimeazima. Jumla shilingi 73,500.

Jumamosi, 15 Juni: Kifusi

Kufyeka kulichukua asubuhi moja. Kifusi kimetula wiki mbili.

Niliwasimulia watoto habari za Bethnal Green, mashariki ya London. Mabomu ya Wajerumani yalibomoa nyumba, na mwaka 1942 watoto wa shule walikuwa kwenye viwanja hivyo wakitenga matofali na udongo ili wapande mboga. Mwaka uliofuata Malkia mwenyewe alikwenda kuangalia. Picha zake nimeziona: vijana wamevaa kaptura, wanainama juu ya mawe, na nyuma yao ni ukuta uliobaki nusu. Nilipokuwa nazitazama nilifikiri ni kazi ya siku mbili tatu.

Chekecheo letu ni waya mkuukuu wa kichanja cha kukaushia kahawa, tumeugongomea kwenye fremu ya mbao. Wawili wanashika, wawili wanapakia, mmoja anaokota. Siku ya kwanza, kwa saa tano, tulipata udongo wa kujaza tuta moja la mita nne. Mita nne! Nikapiga hesabu ya matuta yaliyobaki nikaenda kunywa chai.

Kosa langu kubwa ni kwamba sikununua glavu. Katika kifusi kuna vioo, misumari na vipande vya mabati. Siku ya pili kijana mmoja alijikata kiganja, nikampeleka zahanati, nikaenda kumwomba mama yake radhi. Aliniambia, "Mwalimu, damu ya jembe haina neno," lakini uso wake haukusema hivyo. Jioni ileile nikanunua jozi sita za glavu. Ukiiga kitu kimoja tu humu, anza na glavu.

Dawa ya uchovu ilipatikana kwa bahati. Watoto walianza kushindana kuokota vitu: kifuniko cha sufuria, betri, sarafu ya senti ishirini, jicho la mwanasesere. Tumevipanga juu ya ukuta. Tangu hapo hakuna anayetaka kuacha zamu ya kuokota.

Gharama: glavu 12,000, misumari 2,000. Jumla hadi leo 87,500.

Jumamosi, 29 Juni: Samadi

Matuta kumi yamekwisha. Kitalu cha kabichi kilisiwa tarehe 22. Leo tumesia karoti na bitiruti, tukapanda viazi mviringo kisado kimoja kutoka sokoni.

Samadi ililetwa kwa kirikuu, safari moja. Bwana shamba mstaafu anayepita hapa kila asubuhi alisimama, akaingiza mkono, akautoa haraka. "Mama, hii bado ina moto. Iache mwezi." Nilijua anasema kweli. Lakini likizo inakwisha, watoto wanarudi shule, na mimi nilitaka mbegu ziwe ardhini kabla hawajatawanyika. Tukaitia hivyohivyo kwenye karibu matuta yote, ya karoti yakiwemo. Naliandika hapa kabla sijajua adhabu yake, ili nisije nikajifanya sikuonywa.

Gharama: samadi 45,000, viazi 6,000. Jumla 138,500.

Jumamosi, 13 Julai: Kinyausi, na jeshi lisilo na askari

Makosa mawili wiki moja.

La kwanza ni kitalu. Miche ya kabichi iliota vizuri kama zulia. Siku ya nane ikaanza kulala, kila mmoja umenyauka pale unapokutana na udongo, mwembamba kama uzi. Kinyausi. Kati ya miche kama 300 imebaki 70, nayo sikuiamini, nikaing'oa. Sababu zote tatu ni zetu. Tulimwaga mbegu badala ya kusia kwa mistari. Tulifunika kwa majani mazito ya mgomba yasiyopitisha hewa. Na watoto, kwa mapenzi, walimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Wengine, nimegundua baadaye, walikuwa wakipita kwenda shule na chupa zao za maji kuipa miche "kidogo".

Kitalu cha pili tumekiweka mahali pengine, tarehe 6. Tulichoma takataka kavu juu ya udongo kwanza, ukapoa, tukasia kwa mistari yenye upana wa vidole vinne kati yake, tukasimamisha kichanja juu chenye majani machache. Maji mara moja tu, asubuhi, na mwenye keni ni mmoja kwa siku. Hadi leo imesimama. Tumesia zaidi ya tunayohitaji, iwe akiba.

La pili ni la kutaka kufuata historia kupita kiasi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Marekani iliunda Jeshi la Bustani za Shule, kwa fedha zilizotolewa na Rais Wilson. Watoto walipangwa katika kampuni, zikiwa na kapteni na luteni, wakavaa beji. Nikaona jambo zuri. Nikawagawa kampuni tatu za watoto wanane, makapteni wakiwa wakubwa wa miaka 12 na 13, na beji nikashona mwenyewe kwa vitambaa vya kitenge.

Jumamosi ya kwanza makapteni walisimama mikono kiunoni. Ya pili, kapteni mmoja alikataa kubeba ndoo kwa kuwa "kapteni habebi". Askari wake wakaweka ndoo chini wote, zamu yetu ya mfereji ikapita, maji yakaenda kwa jirani wa chini. Waliojua taabu ya kupata zamu ya maji mwezi wa saba huku watanielewa.

Nikawakusanya kwenye kivuli nikawasimulia habari za Diana Hopkins. Baba yake alikuwa mshauri wa Rais Roosevelt, nao wakiishi Ikulu ya Marekani. Mwaka 1943, akiwa na miaka kama kumi, ndiye aliyetunza bustani ya mboga iliyolimwa pale: maharage, karoti, nyanya, kabichi. Binti mmoja wa darasa la tatu, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: "Kapteni wake alikuwa nani?" Nikajibu hakuwa naye. Kimya kidogo. Kisha wote wakataka kuwa Diana.

Basi beji nimezikusanya. Kila mtoto sasa ana kipande chake cha tuta, mita moja, chenye ubao wa jina lake. Kabichi na viazi ni vya wote.

Gharama: mbegu ya kabichi tena, 5,000. Jumla 143,500.

Jumamosi, 27 Julai: Kusubiri

Leo wamekuja watoto 11.

Nimeulizauliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyegombana wala kukatazwa. Jibu walilonipa kwa namna mbalimbali ni moja: hakuna kitu. Karoti ni nyuzi, kabichi bado kitaluni, bitiruti ina majani manne. Mtoto wa miaka nane hana habari na siku tisini.

Hili sikuliona katika picha zozote za bustani za vita. Picha hupigwa siku ya mavuno. Kati ya jembe na mavuno kuna wiki saba za kumwagilia kitu kisichobadilika, na hapo ndipo watoto wangu walipoondoka. Nadhani mwaka 1943 mtoto alibaki kwa sababu nyumbani palikuwa na pengo mezani. Wangu wanatoka bustanini wanakuta makande.

Marekebisho: kwenye kila kipande cha mtoto tumesia mchicha na figili pembezoni, na mnafu kwenye tuta zima lililokuwa wazi. Figili zilikuwa zikilala kabatini tangu Juni, nikizingoja "zamu yake". Zilipaswa kusiwa siku ya kwanza kabisa. Kama ningeanza upya, ningehakikisha kila Jumamosi baada ya wiki ya nne kuna kitu cha kubeba kwenda nyumbani, hata kama ni fungu moja la mchicha.

Gharama: mbegu za mchicha na mnafu, 4,000. Jumla 147,500.

Jumamosi, 17 Agosti: Sota

Figili za kwanza zimeliwa hapohapo, zimefutwa kwa shati. Nusu ya watoto walizitema, maana ni kali, lakini wakataka zaidi. Waliokuja leo ni 17.

Tarehe 10 tulipandikiza kabichi 90. Jumatatu tukakuta saba zimekatwa shinani na kulala kama miti iliyopigwa shoka. Jumatano 19. Leo asubuhi 31. Ni sota, kiwavi anayekata miche, na nyumba yake tulimjengea wenyewe: samadi mbichi, na magugu tuliyofukia badala ya kuyatoa. Bwana shamba alipita, akatazama, hakusema neno. Afadhali angesema.

Sota hushambulia usiku, mchana amejikunja ndani ya udongo karibu na mche aliouua. Kwa hiyo dawa ni mikono na kuamka mapema. Watoto sita wanaoishi karibu walikuja alfajiri siku tatu mfululizo, na tochi na makopo. Unachimba kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa, kina cha kifundo kimoja, unamkuta, wa kijivu, amejiviringisha kama pete. Siku tatu walikamata 64. Kuku wa jirani wamenona.

Miche iliyobaki tumeivisha kola: pete ya chupa ya maji iliyokatwa, kimo cha vidole vitatu, nusu imezama ardhini. Tangu tuvishe, imekatwa miwili tu, yote ya kola zilizowekwa juujuu. Mapengo tumeziba kwa miche ya akiba ya kitalu cha pili.

Gharama: hakuna. Chupa ziliokotwa.

Jumamosi, 24 Agosti: Viazi

Kwa ufupi, kwa kuwa sina raha ya kuliandika. Baridi na ukungu wa asubuhi vilileta ugonjwa wa bakajani chelewa. Madoa meusi yalianza tarehe 6, na baada ya siku nne tuta zima lilinuka. Tulikata majani yote tukayatupa mbali, tukaacha viazi ardhini wiki mbili, leo tumechimba. Tulipanda kisado, tumevuna kisado na nusu, vidogo.

Nilikosa mara mbili: mbegu ilikuwa ya sokoni, si mbegu safi, na mahali si pake. Bwana shamba, sasa akizungumza nami tena, anasema viazi vinataka juu zaidi, mlimani, na hapa chini msimu wa ukungu ni kamari. Tumevichemsha na chumvi vikaisha siku hiyohiyo.

Jumamosi, 21 Septemba: Bitiruti

Hizi ndizo zilizonifurahisha, na karibu niziharibu.

Kile kinachoitwa mbegu ya bitiruti kwa kweli ni kishada: ukifukia kimoja, yanaota mataifa. Julai ilibidi kupunguza, kuacha mmoja kila nafasi ya kiganja. Watoto walikataa. Kung'oa kitu kilichoota kwa afya kilikuwa kwao ni uuaji, na binti wa "kapteni wake alikuwa nani" alilia kweli. Nikawaonea huruma, nikasema tungoje wiki. Wiki ikawa tatu. Mizizi ikabanana ikawa kama vidole.

Kilichotuokoa ni chungu. Nilichukua mikono miwili ya miche hiyo, majani na vijishina vyekundu, nikaikaanga na kitunguu, tukala na ugali. Ni mboga kamili, karibu na mchicha kwa ladha. Kesho yake kila mtoto alipunguza tuta lake bila kuombwa. Leo tumeng'oa 112, nyingi ukubwa wa ngumi ya mtoto. Zile za mwisho kupunguzwa ni ndogo kama limau.

Kuku walivunja uzio mara mbili mwezi huu, ikabidi kununua fito na misumari. Gharama 15,000. Jumla 162,500.

Jumamosi, 5 Oktoba: Karoti zenye miguu

Adhabu ya samadi mbichi imefika. Karoti tatu kwa kila nne zimegawanyika: zina miguu miwili, mitatu, moja ina mikono. Mzizi ukikuta jiwe au donge la samadi bichi unapasuka kutafuta njia. Mawe pia yalikuwapo, kwa kuwa tuta la karoti ndilo la mwisho kuchekechwa na tulikuwa tumechoka.

Sokoni hazina bei. Lakini watoto wamecheka hadi machozi, wamezipa majina ya walimu wao, ambayo siyaandiki hapa. Tuta moja dogo halikupata samadi kwa sababu ilikwisha, na karoti zake zimenyooka kama misumari. Sihitaji jaribio jingine.

Jumamosi, 16 Novemba: Kabichi, na hesabu

Kabichi 71 zimefungana. Tumezikata leo, kila mtoto tatu, na 20 zilizobaki zimegawiwa kwa jirani mwenye kiwanja, bwana shamba na wazee watatu wa mtaa. Maji ya Oktoba yalikuwa machache. Matandazo ya majani makavu ya mgomba yalituwezesha kumwagilia mara mbili kwa wiki badala ya nne.

Mchana nilipika supu ya bitiruti na kabichi kwa mtindo wa Kipolandi, na siki kidogo na sukari kidogo. Wengine walirudia sahani. Wengine walitazama ile rangi wakauliza kama kuna ugali. Tukabeba kabichi moja hadi makaburini. Mjukuu wangu aliiweka chini kwa muda, akaangalia huku na huku, kisha akaichukua tena: "Wataila mbuzi bure, Bibi." Tukarudi nayo.

Hesabu ya mwisho: siki, sukari na mafuta 8,000, jumla ya matumizi 170,500. Mchicha na mnafu tuliouza mtaani, mafungu 61 ya shilingi 500, umeingiza 30,500. Zilizotoka mfukoni mwangu ni 140,000, ambazo nyingi zimo kwenye vifaa vitakavyotumika tena. Mboga zilizoliwa majumbani sikuzipima. Watoto waliomaliza ni 17.

Jirani alikuja jioni, akauchota ule udongo tuliouchekecha, akaufinya, akaunusa. Akasema masika haya atapanda maharage mwenyewe. Ni haki yake, mapatano yalikuwa msimu mmoja. Watoto walinuna, kisha mmoja akakumbuka kwamba nyuma ya nyumba ya mjomba wake kuna choo kilichobomolewa na banda la zamani, kifusi kitupu, na kwamba huenda kuna sarafu.

Mbegu za mnafu zinakauka juu ya gazeti sebuleni. Chekecheo nimelitundika ukutani. Waya umetoboka upande mmoja, unahitaji kiraka kabla ya Juni.